Mwalimu Aliyetuandikia Ahadi

Mwalimu hakuwa na darasa. Miaka yote niliyomjua pale Ibra, Oman, sikumwona hata siku moja amesimama mbele ya ubao. Kiarabu chake kilikuwa cha msahafu, cha kusomeshea watoto wa watu hakikumtosha, basi serikali ikampa meza ya kupokea barua, azigonge muhuri na kuzipeleka chumba cha pili. Lakini sisi tuliotoka Unguja hatukumwita karani. Wengine waliwahi kukaa mbele yake kabla ya mapinduzi ya mwaka wa sitini na nne akiwasomesha historia, na hata sisi ambao hakutusomesha kule tulifuata mkumbo. Jina lake silitaji. Watoto wake wapo, na katika watu wote mimi ndiye nisiye na haki ya kumtaja.

Alikuwa mrefu, mkavu, na penseli ameichomeka kwenye kilemba juu ya sikio. Neno lake lilikuwa moja: "Tuandike." Siku moja niligombana na jirani yangu kwa ajili ya sufuria kubwa ya pilau. Yeye anasema aliniazima, mimi nasema nimekwisha kumrejeshea, sauti zetu zinafika msikitini. Mwalimu akapita, akasimama, akachomoa penseli. "Haya, tuandike. Sufuria ya nani, imetoka lini, nani kaiona ikirudi?" Tulipoiona ile karatasi aibu ikatuingia, tukacheka, na ugomvi ukaisha hapo hapo.

Akila pilau alikuwa akichambua karafuu moja moja na kuzipanga ukingoni mwa sahani. Nilidhani hazipendi. "Zimenilisha miaka mingi," aliniambia. "Sizitafuni." Alikuwa hacheki ovyo, halafu mpira ukitangazwa kwenye redio anapiga kelele kama mtoto na kumwaga kahawa juu ya nguo. Alikuwa mpole kwa mtu mmoja mmoja. Ukimpa watu kumi wamekaa duara, anageuka mwengine, sauti inakuwa nzito na macho hayamwoni mtu.

Alitoka Unguja na nguo za mwilini na kitabu. Wenzake waliotoroka na dhahabu za wake zao walimcheka sana. Kilikuwa kitabu kikubwa cha Kiingereza, jalada limetoka, kimeshonwa kwa uzi wa magunia, na kilieleza habari za makoloni ya mwanzo ya Waingereza kule Amerika. Baada ya sala ya alasiri, wanaume wakikaa barazani kwake kwa kahawa na tende, alikifungua na kuwatafsiria. Sisi wanawake tulikuwa ndani, nyuma ya pazia, tunasikia kila kitu.

"Hawa wanaitwa Wapuritani," alisema. "Watu wa dini kali. Kwao wamesumbuliwa, wakavuka bahari, wamefika pahala hakuna kadhi wala mfalme karibu. Meli haijashusha watu, wameshaanza kugombana. Wengine wanasema, tukishuka hapa hakuna wa kunitawala mimi. Sasa skizeni walivyofanya. Wameandika! Wameahidiana mbele ya Mungu kuwa watakuwa watu wamoja na watatii sheria watakazojitungia. Hawakungoja jeshi. Serikali yao imetoka kwenye ahadi."

Waliokuja nyuma yao, akasema, walizidisha. Kila mji ulijifunga kwa ahadi yake, na kanisa likawa ndio mlango wa baraza. Asiyepokewa katika jamaa ya kanisa atatii sheria na atatoa mchango kama wenzake, lakini sauti ya kuchagua viongozi hana. Na ili upokewe, lazima usimame mbele ya watu ueleze kwa kinywa chako jinsi Mungu alivyokufikia.

Mume wangu akauliza, "Mwalimu, hao si manasara?"

"Manasara, naam. Lakini ni watu waliopoteza kwao."

Nyuma ya pazia shoga yangu mmoja alianza kulia, na mimi nikamwonea choyo kwa kuwa mie machozi hayakunitoka.

Ahadi yetu ilianza na maiti. Kwa nasaba kila mmoja wetu alikuwa na kabila lake hapa Oman, ndiyo maana tulipokewa. Lakini wenyeji walituita Wazinjibari, na mtaa wetu mpya pembeni ya mitende ulikuwa wa watu waliokusanywa tu, kila nyumba na lake. Mwaka wa kwanza akafariki mama mmoja. Wanaume wakabishana nani asimamie mazishi, huyu anamsukumia yule, mpaka jua likawa kali, mpaka akaja jirani Mwarabu kutuuliza kwa adabu kama maiti huyu ana watu. Fedheha ile haijanitoka mpaka leo. Kesho yake Mwalimu alianza kuandika.

Yalikuwa masharti kumi na mawili. Zamu za maji ya falaji, mfereji unaomwagilia mitende. Watoto wa kike wapelekwe skuli. Ugomvi uje kwanza kwa wasimamizi watatu, na wasimamizi wachaguliwe kila mwaka na waliotia saini. Maiti wetu tumwoshe na kumzika wenyewe. Nami nisiwe mnafiki: ilifanya kazi. Mabinti wetu walisoma wakati wengine wamefungiwa ndani, falaji ilipopungua hatukupigana, na mama wa pili alipofariki alizikwa kabla ya adhuhuri na watu wamejaa njia nzima.

Sharti la kwanza ndilo alilolichota moja kwa moja kwenye kitabu. Kabla hujatia saini unasimama barazani na kueleza ulivyotoka Unguja: nani kakuficha, nani umemwacha, umefanya nini. Mwalimu aliamini mtu akishasema kweli mbele ya wenzake hawezi kuwadanganya tena maisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyetangulia, akasema aliwaacha wazee wake nyuma, akalia mbele ya watu.

Basi wanaume wakasimama mmoja baada ya mmoja, na kila mmoja alikuwa shujaa. Huyu kawaficha majirani chini ya kitanda, yule kakataa kusema hata alipopigwa. Nyuma ya pazia hatukuwa tukimsikiliza mtu. Tulikuwa tunamtazama mke wake. Mke akiinamisha uso na kuanza kuchezea ukili wa mkeka, tunajua. Niliona nyuso nyingi zikiinama, na wote wale walipokewa.

Kulikuwa na familia moja ya bara, imetoka Kigoma. Mume aliposimama akasema walipanda treni, wakapanda ndege, wakafika, hakuna aliyewafukuza. Watu wakatazamana. Mwalimu akasema wangoje kidogo. Mkewe akapasua pazia akatoka mbele za wanaume: "Kwa hiyo kosa letu sisi ni kutopigwa?" Waliwekwa wangoje, na mpaka wanahama walifuata zamu za maji kama sisi bila ya kuulizwa neno.

Sasa nifike kwa kaka yangu, maana bila ya yeye nisingekuwa na sababu ya kuandika haya. Nassor alikuwa na miaka ishirini mwaka ule wa sitini na nne. Aliposimama hakunywa hata maji.

"Waliingia watu na silaha," alisema, "wakauliza mwenye nyumba ya pili kajificha wapi. Nilikuwa n'najua. Wakaniweka panga hapa shingoni. Nikawaonesha kwa kidole. Wakamtoa, na sikumwona tena. Mie wakaniacha. Ndiyo maana nipo hapa nakunywa kahawa yenu."

Safari hii nyuma ya pazia aliyetazamwa usoni ni mimi. Nilikuwa sijui. Miaka kumi na ushei alikaa nalo lile jambo kifuani, halafu akalitoa pale, kwa sababu Mwalimu alimwambia kuwa ni pahala pa kusema kweli.

Sharti la tisa lilisema hivi: aliyemwaga damu ya wenzake, au akasababisha imwagike, hatakuwa pamoja nasi. Hatasalimiwa, chakula chake hakitaliwa, hataozwa, na akifa hataoshwa na sisi. Atakayemfanyia lolote katika hayo, naye atahesabiwa pamoja naye. Baada ya wiki moja wanaume walikaa wakainua mikono. Wote waliinua, mume wangu akiwamo, na Mwalimu akiwamo.

Jioni ile ile alikuja mlango wa jikoni kwangu.

"Katika wote waliosema," aliniambia taratibu, "niliyemwamini ni Nassor peke yake."

"Sasa mkono umeinua wa nini?"

"Mkono ule si wangu, mwanangu. Ni wa Ahadi."

Nilikuwa nimeshika karai la maji ya vyombo, na Mungu anisamehe, nilitaka kummwagia. Sikummwagia. Alikuwa amenisomesha Kiingereza mchana baada ya mchana kwa kitabu kile kile, ndipo nikapata kazi ya kuandika majina ya wagonjwa kwenye kituo cha afya. Alikuwa akinisikiliza nasoma kwa subira ambayo hata mama yangu hakuwa nayo. Mtu kama huyo hujui umchukie kuanzia wapi.

Kitabu kile nilikimaliza mwenyewe. Nikakuta sura ambayo hajawahi kuisoma barazani: ya mchungaji mmoja aliyefukuzwa na Wapuritani kwa sababu ya rai zake, akatoka katikati ya baridi, akaenda akaanzisha mji wake, na huko akakataza serikali isimwulize mtu habari ya imani yake. Nikampelekea Mwalimu kidole changu kikiwa kwenye ukurasa.

"Sura hiyo hatujaifikia," alisema.

"Mie nimeifikia."

Akakichukua kitabu akaenda nacho kwake, na masomo yakaishia hapo.

Kosa la Ahadi Mwalimu aliambiwa mapema, na aliyemwambia hakuwa mmoja wetu. Mwalimu na wanaume wanne, mume wangu mmoja wao, walikwenda Nizwa kumsomea Ahadi shekhe mmoja mzee, wapate baraka zake. Mume wangu alinihadithia. Mzee yule alisikiliza yote kumi na mawili amefumba macho, kisha akacheka kidogo.

"Ya ustadh, umekwenda mbali kutafuta," alisema. "Hapa Nizwa maimamu walikuwa wakipewa baia, kiapo cha utiifu, kwa masharti, na wakivunja masharti wanaondolewa. Kujitenga na mwenye kosa sisi pia tunakujua. Lakini mwenye kutubu tunamrudisha. Mlango wa toba mmeuweka sharti la ngapi?"

Mwalimu akasema ataliandika. Na kweli aliporudi Ibra alilileta barazani, na hapo ndipo watu wake walipomkatalia. Walisema Ahadi imeshatiwa saini, haiongezwi ila wote wakubali, na kila mara alikuwapo mmoja asiyekubali. Mimi sababu yao naijua. Toba ikifunguliwa, kila mmoja angetakiwa aseme cha kutubia, na waliokwisha kusimama kama mashujaa wangeanzia wapi? Kitabu cha Mwalimu kilieleza kuwa hata Wapuritani ilibidi walegeze, kwa ajili ya watoto wao ambao hawakuwa na cha kuhadithia. Aliwasomea na hiyo. Hawakulegeza.

Nassor alihama. Alipita Jalan Bani Bu Ali, akaendelea mpaka Al Ashkhara pwani, akapata kazi ya kuanika samaki. Wavuvi wa kule walimpa chumba na hawakumwuliza kitu. Nilikuwa nikimwendea mara mbili kwa mwaka, gari zinatutingisha kwenye changarawe mpaka mbavu zinauma. Mume wangu aliniambia, "Ukirudi usinambie ulikokwenda." Mtaa mzima ulijua na mtaa mzima ulijifanya haujui, kwa kuwa mimi sikutia saini, wanawake hatukuulizwa.

Kisha ini likamshika. Safari ya mwisho nilimkuta tumbo limejaa na macho ya manjano.

"Watu hawa wema," aliniambia, "lakini wataniosha kimya, hawajui waniambie nini. Nipeleke Ibra. Nataka anioshe mtu wa kwetu."

Nikenda kwa Mwalimu. Nilimkuta barazani peke yake, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikakaa chini nikamwambia yote.

"Atubu mbele ya watu," alisema.

"Mlango huo hamna. Shekhe wa Nizwa kakwambia."

"Nilitaka kuuandika. Wamekataa."

"Na nani aliyewapa penseli?"

Akaificha mikono yake chini ya mapaja. Alikuwa amezeeka na sikuwa nimeona. "Siwezi, mwanangu," alisema. "Nikiivunja mimi niliyeiandika, kesho nani ataishika? Mabinti, maji, maiti zetu, vyote vinasimama juu yake." Niliondoka bila ya kumuaga, na sikujuta.

Nassor alifariki baada ya siku tisa, nimesharudi kwake Al Ashkhara. Nilikodi pikapu, nikamleta amefunikwa kwa mkeka, tukafika Ibra jua halijawa kali. Habari zilikuwa zimetutangulia: mtaa wetu ulikuwa kimya, milango imefungwa, na mume wangu alfajiri ile alikuwa ameondoka kwenda Maskati kwa kazi ambayo mpaka leo sijaijua. Dereva akaniuliza tumshushe wapi. Nikakaa pale nyuma ya pikapu na kaka yangu, nikatamani ardhi ya Ibra ipasuke na milango yake yote.

Mlango mmoja ulifunguka. Mwalimu alitoka amekunja mikono ya kanzu, ameshika ndoo mkono mmoja na kafuri na sanda mkono wa pili. Aliwaita Waarabu wawili wa jirani wamsaidie kubeba, wakamtia uani kwangu, akafunga shuka kwenye kamba.

Mimi nilikaa upande wa pili wa shuka. Nilimsikia akimimina maji na akimsemesha, sauti ya chini, Kiswahili chetu cha mjini, kama mtu anayemwogesha mtoto: "Haya Nassor, sasa ubavu wa kulia, baba. Maji ya moto kidogo, stahamili. Mkono, lete mkono." Nilipomsikia akisema lete mkono nililia kilio ambacho sikulia hata Unguja. Walimzika watu wanne.

Ijumaa ile baada ya sala Mwalimu alikwenda barazani, akafungua daftari la Ahadi, akaandika jina lake mwenyewe chini ya sharti la tisa. Mume wangu anasema walikaa wanamtazama. Angalitosha mtu mmoja aseme lifutwe, na pengine wote wangalishukuru. Hakusema mtu. Wakainua mikono, naye akafunga daftari, akamkabidhi msimamizi, akarudi nyumbani kwake. Kuanzia siku hiyo hapakuwa na aliyeingia kwake kunywa kahawa. Nilimpelekea chakula mara mbili, kwa mlango wa nyuma. Mara ya pili mume wangu aliniona, akaniuliza kama nataka binti zetu wakae bila ya waume. Sikupeleka tena. Mwaka uliofuata Mwalimu alihamia Nizwa kwa mwanawe.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, miaka minne au mitano imepita, Nizwa hiyo hiyo, sokoni kwa masonara wa fedha. Binti yangu mkubwa alikuwa amechumbiwa na mtoto wa msimamizi mmoja wa Ahadi, na tulikuwa tumekwenda kuchagua vikuku: mimi, mume wangu, na mama wa bwana harusi. Alikuja taratibu kwa bakora, nguo safi, kilemba kimelegea. Akaniona. Uso wake wote ukafunguka.

"Asalaam alaykum, mwanangu," alisema. "Hamjambo? Watoto wazima?"

Mume wangu aligeuka upande. Mama wa bwana harusi hakugeuka; alikuwa ananitazama mimi. Nilikuwa na kikuku mkononi. Nikakiinua karibu na macho, nikatafuta muhuri wa sonara ndani yake, nikautafuta tena.

Mwalimu alingoja. Alingoja kwa ile subira ya masomo, ya kunisubiri nitamke neno gumu. Kisha nikamsikia akisema kwa sauti ndogo, badala yangu, ili dhambi ya salamu isinikae: "Wa alaykum salaam." Na bakora yake ikaondoka.

"Hiki kizuri," alisema mama wa bwana harusi. Tulivinunua viwili. Harusi ilikuwa baada ya wiki mbili, na mtaa mzima ulikuja.